Nundu ya Baba Mkwe

Jumanne, 9 Septemba
Nimekamua vitunguu mpaka macho yamevimba. Maji ya kitunguu yakibaki, kababu zinapasukia kwenye mafuta. Tangawizi, kitunguu saumu, bizari nyembamba, pilipili manga ya kutwanga mwenyewe. Leo majaribio tu. Keshokutwa baba mkwe anakuja hapa Nsemulwa kula kwangu. Mara ya kwanza tangu Masanja anioe, miaka tisa. Jina langu hajawahi kulitaja. Mimi ni "yule mkimbizi wa Katumba". Waliokimbia ni wazazi wangu, mimi nimezaliwa Tanzania, lakini haya. Nataka ale chakula changu mbele ya mwanawe. Basi.

Jumatano, 10 Septemba
Mzee ametanguliza nyama kwa bodaboda kutoka Mwese. Kiroba kizima, na nundu ya ng'ombe juu. Nikamuuliza Masanja, nisage yote? Alikuwa kwenye simu. Saga, akasema. Na hii nundu? Saga.
Nimezungusha mashine mpaka bega limekufa ganzi. Mafuta ya nundu yamelainisha nyama, haikuhitaji hata yai. Kesho ni kukaanga tu. Sijawahi kuipata hivi.

Alhamisi, 11 Septemba
Naandika kwa hasira.
Mzee alifika saa nne asubuhi. Nikapiga magoti kumsalimia, nikampa chai na mkate. Akauchovya mkate mpaka ukameguka kikombeni, akaunywa kama uji. Nikajua ni dharau. Mkate wangu haufai hata kutafunwa.
Mchana nikaleta sinia la kababu. Akaliangalia. "Nundu iko wapi?"
Kumbe kwao nundu haiguswi mpaka iletwe nzima mbele ya baba mwenye mji, aione. Anaikata mwenyewe mbele ya wanawe, kila mtu anapokea fungu lake kwa mikono miwili. Mimi ningejuaje? Kwetu tulilima tumbaku, hata ndama hatukuwa naye. Anayejua ni Masanja, kakulia humo.
Nikamtazama. Akatazama sinia.
"Mmesaga heshima yangu," mzee akasema, akasimama. Hakuonja hata moja. Kusema tu "Baba, ni mimi niliyemwambia" kulimshinda Masanja. Mwanaume mzima!
Nikazifunga kababu zote kwenye kontena langu la plastiki, nikamkabidhi dereva wa pikipiki iliyomleta mzee. Ng'ombe ni wake, aende naye. Sitaki hata harufu humu ndani.

Ijumaa, 12 Septemba
Ugali na mlenda. Asiyetaka aache.
Masanja anasema nisikuze mambo. Nimemjibu: baba yako alinitukana kwa kutojua, wewe ulijua ukanyamaza. Hasira yangu ni yako yote. Akavaa viatu, akatoka.

Jumapili, 14 Septemba
Kanisani nimeshindwa kuimba. Masanja bado analala sebuleni. Alale.

Jumatano, 17 Septemba
Nilikuwa nafagia uani, bodaboda yule yule akaingia. Kontena langu limerudi, limeoshwa. Na kiroba. Ndani yake nundu nzima, haijaguswa na kisu.
Nikadhani ni mashtaka. Nikampigia wifi yangu Kabula, ndiye anayeishi na mzee. Akacheka kwanza.
"Wifi, usimwambie kaka. Mzee meno yamekwisha. Miaka yote anakata nundu, anagawa, fungu lake anawapa wajukuu kwa siri. Hizo kababu zako hakumpa mtu. Kontena alililaza chini ya kitanda, siku mbili likaisha."
Nikakumbuka mkate kwenye chai. Nikaona aibu. Hasira iliyobaki kwa mzee ikaniponyoka, nikaitafuta nisiione.
Kisha nikasikia sauti ya mzee nyuma ya Kabula, kavu vilevile:
"Mwambie Esperansi asage. Nimeshaiona."
Jina langu. Miaka tisa. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, ufagio miguuni.
Masanja alirudi kula mchana. Habari ya meno sikumwambia, si yangu kuisema. Nilimwambia tu nundu imetoka kwa baba yake, na kwamba imeshaonwa. Akasema alipaswa kusema siku ile. Nikamjibu ndiyo, ulipaswa.
Nikaifunga mashine kwenye ukingo wa meza, nikamkabidhi mpini. Anazungusha sasa, bega la kulia, halafu la kushoto. Mimi nakamua vitunguu.