Kiti cha Yaya Feruzi

Kisangani, 9 Septemba 1956

Kwa Yaya wangu mpendwa Feruzi, kaka yangu mkubwa, Kasongo,

Leo ni miaka thelathini na mmoja tangu uniwekee mkono kichwani mlangoni petu na kuniambia niende salama. Barua hii ikukute una nafuu ya magoti. Je, macho bado yanatambua mwanga wa asubuhi? Mimi ni mzima, ila sikio la kushoto limeniaga. Hadidja mwanangu, wewe unayemsomea baba yako, usiruke mstari hata mmoja.

Nilikuandikia zamani kwamba mimi, Zacharie wa Isangi na wenzetu wanne tuna kampuni ya mashua, inayoleta mpunga na abiria kutoka Yanonge. Nililokuficha ni hili: siku ya kuandikisha kampuni, karani aliuliza rais ni nani. Wenzangu wakanitaja mimi. Nikaona haya, mdogo akae juu na mkubwa wake yuko hai? Nikaandikisha jina lako. Hata kwenye mikutano kiti chako kilibaki kitupu, kimefunikwa kitambaa cheupe, na Zacharie akiingia hukiinamia na kukisalimu: “Mbote, Papa Rais!” Tulicheka, lakini hakuna aliyethubutu kukikalia.

Mwezi wa Juni nahodha wetu, Hilaire, aliniambia moteri inakohoa, mashua isitoke. Nikamjibu kwamba mpunga utalowa, aende tu. Moteri ilizimika katikati ya mto, maji yakaitupa mashua kwenye mawe. Abiria walipona wote. Mguu wa Hilaire ulikatwa juu ya goti.

Mahakama ikamtaka rais. Wenzangu wakanishauri ninyamaze: Kasongo ni mbali, mzee haoni, nani atamfunga? Zacharie akaniambia, “Papa, jina haiko mutu,” yaani jina si mtu. Yaya, nilinyamaza siku tisa. Jina nilikupa kwa heshima, lakini kimya kile kilikuwa woga, nami nakuomba radhi. Siku ya kumi nikasikia kwamba hati ya kukuita imeshaandikwa. Nikakuona moyoni umeshikwa mkono na polisi, ukiwauliza kwa upole wao ni wana wa nani. Nikafika mahakamani kabla mlango haujafunguliwa.

Hakimu alinieleza polepole, mkalimani akimfuata. Alisema kuandikwa tu hakumfanyi mtu kuwa mkubwa wa kampuni. Lazima mwenyewe awe amekubali. Na anayetoa amri ndiye anayejibu, hata kama jina lake halimo katika karatasi yoyote. Kisha akauliza ni nani aliyemwambia Hilaire aondoke. Nikasema ni mimi. Jina lako limefutwa, Yaya. Jumatatu naingia gerezani miezi mitatu.

Jana Hilaire alikuja kwa magongo. Akasema nikitoka nimfundishe hesabu na barua, maana kuandika hakuhitaji miguu miwili. Alicheka yeye, mimi sikuweza. Baadaye wenzangu wakaniuliza mbele ya mashahidi kama naukubali urais. Nikakubali. Wakaondoa kitambaa, nikakikalia kiti chako. Ni kigumu.

Nisalimie nyumba nzima, na unisomee Fatiha kwenye kaburi la mama. Nilikuahidi kurudi baada ya mavuno haya. Lakini anayetoa amri yampasa akae karibu na moteri, asikie inavyokohoa. Sitarudi Kasongo.

Mdogo wako akupendaye,
Assumani