Mama Mdogo Amegeuka Mfano wa Darasani

Mshauri wangu mpendwa, naomba uniokoe kabla sijahama nyumba. Mimi ni binti wa mwaka wa kwanza chuoni, nasoma utangulizi wa sheria za mipango ya mazingira na usimamizi wa rasilimali, na ninaishi kwa mama mdogo ambaye ni dobi, anafua mashuka ya hoteli hapo hapo uani kwetu, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, sasa mhadhiri alitaka kila mmoja wetu alete mfano wa uchafuzi aliouona kwa macho yake, nami bila kufikiri nikaeleza bomba linalomwaga maji ya sabuni mtaroni, povu linatambaa mpaka bustani ya mboga ya jirani, sikumtaja mtu, lakini mhadhiri alifurahi kupita kiasi akasema, "Hii lazima tukaione!"

Basi ikabidi niwaelekeze kwetu, wakaja, darasa zima na mabuti, na mama mdogo akadhani kapata wateja, akawatolea viti, akawa anawaonyesha pasi yake mpya, mimi nimejibanza nyuma ya mwenzangu mmoja mrefu, mpaka mhadhiri akainama mtaroni akasema, "Mchafuzi wetu ndiye huyu sasa," hapo mama mdogo akaniona, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kumbe mimi ndiye mtihani wenu?"

Hakunifukuza, afadhali angenifukuza. Sasa ananiita Mheshimiwa Hakimu, akitaka kumwaga maji ya kunawa ananiuliza, "Kibali ninacho?" na wafuaji wake wanacheka mpaka wanashika mbavu, lakini jana nilimkuta jikoni analia, kwa sababu jirani mwenye bustani, aliyedhani mboga zake zinanyaushwa na wadudu, amesikia yote na anasema atakwenda halmashauri udobi ufungwe, na mhadhiri naye anadai ripoti kamili. Je, niandike kwamba nilikosea, ile si sabuni, au niache masomo? Nayapenda, mshauri, hapo ndipo shida ilipo.

Hakimu wa Uani

JIBU

Hakimu, uniwie radhi, nimecheka. Ile ya viti imenimaliza. Halafu nikafika pale jikoni, kicheko kikanikauka.

Pole sana. Ila usijidanganye kwamba umemkosea kwa kusema kweli. Umemkosea kwa kuwaambia watu baki kabla ya kumwambia yeye. Unakula naye kila siku. Ulishindwa nini kusema, "Mama, maji yetu yanaharibu mboga za watu"? Sheria unayoisoma inataka mtu asikilizwe kwanza, wewe umerukia sura ya adhabu!

Hilo la kuandika kwamba si sabuni, lifute kichwani. Utamdanganya mhadhiri, na jirani atarudi kupuliza dawa ya wadudu wasiokuwepo. Kuacha masomo nako ni kususa tu. Ukiacha, nani atamsaidia mama mdogo kuomba kibali cha majitaka?

Na wewe mama mdogo, najua gazeti hili litakufikia: umelea vizuri, lakini povu ni povu hata likimwagwa na mtu mwema.

Sasa fanyeni hivi. Binti, nenda uani leo, kunja mashuka pamoja naye, na uombe msamaha usio na "lakini" ndani yake. Bomba lizibeni, maji yaingie kwenye mapipa mpaka mpate shimo la kuchujia. Halafu nendeni halmashauri wenyewe, msingoje kuitwa. Waelezeni hali ilivyo, ombeni kibali na muda wa kurekebisha. Ripoti iandike kweli tupu, pamoja na marekebisho mnayofanya, na jina la mama mdogo liingie akikubali mwenyewe.

Lakini kabla ya ofisi yoyote, anzeni kwa jirani. Mama mdogo ndiye aseme, akiri, na amuulize atamfidiaje kwa mboga zilizoharibika. Wewe kaa pembeni, funga mdomo. Siku moja bila kunukuu kifungu cha sheria haitakuua.