Mgeni Rasmi Alikuwa Bado Barabarani

Ndiyo, mama watoto, walikula. Usiniulize mara mbili, hata mara ya kwanza inanichoma. Walifunua sufuria na mtu bado yuko barabarani, na picha yako wameitundika juu ya vichwa vyao, kubwa kama mlango, inawatazama wanavyotafuna.

Mwaka umetuzungukia tangu mchana ule ulipojilaza ukasema, "Mniamshe chai ikiiva." Chai ikaiva, tukakuamsha, ukakataa kuamka. Mjukuu wetu muuguzi ndiye anayeniandikia haya. Ananiambia, "Babu, tangazo la kumbukumbu huwa fupi. Watu huandika ulikuwa nguzo yetu, basi." Nimemwambia nguzo ni ya nyumba, bibi yako alikuwa mtu. Andika.

Wasiokujua wajue. Ulikuwa mshonaji wa jezi, na kila timu ya mji huu imepita chini ya cherehani yako. Uzi ulikuwa unaukata kwa meno. Nikikwambia yataisha, unasema, "Yakiisha nitakunywa uji, wewe yanakuhusu nini?" Mtoto akija na jezi ya kaka yake inamfika magotini, ulimpunguzia bure, na namba ukaihamisha ikae katikati ya mgongo. Ulikuwa unasema namba ikikaa upande, mtoto naye atakimbia upande. Jioni ulikuwa refa wa mpira wa pete, na huko ndiko walikokupa jina la Kipenga. Nikichelewa kurudi, kabla sijavua viatu nasikia kutoka jikoni, "Faulo hiyo, mzee!" Siku hizi hata nikichelewa namna gani, nyumba haisemi kitu. Hilo nalo linaniudhi. Nimekasirika na wewe pia, usidhani umepona.

Halafu ile klabu ya huduma. Walikualika siku moja tu, ukawaeleze habari za michezo kwenye ukumbi wao ule wa juu ya duka la mabati, wenye feni inayolia kuliko msemaji. Ulikwenda kuongea, ukabaki. Tangu hapo kila mkutano wewe ndiye uliyewatafutia wasemaji, na hukuwaletea wenye vikombe tu. Uliwaletea bondia mwenye sauti ya kunong'ona, mpaka watu wazima na suti zao wakaburuta viti mbele kama watoto wa chekechea. Uliwaletea yule golikipa mzee. Akasema alidaka maisha yake yote, lakini akipita sokoni watu wanamkumbusha goli moja tu, lile lililompita katikati ya miguu. Ukumbi mzima ukacheka. Wewe ukasimama ukamwuliza, "Na yale uliyoyazuia, baba?" Yule mzee akafuta uso kwa leso, akasema hajawahi kuulizwa. Akaanza kuyasimulia, na hakuna aliyethubutu kutazama saa.

Ndiyo maana wakakusikiliza uliposema klabu ifanye matembezi kila mwaka, ya kuchangia viti vya magurudumu na magongo. Mwaka wa kwanza fundi viatu naye alitembea. Fundi viatu ni yule wa karibu na stendi, mguu wake mmoja ulikauka tangu utotoni, na ndiye anayeweka mpira chini ya magongo ya watoto bila kutaka hata asante. Alitembea njia nzima kwa magongo yake. Alipofika, watu walikuwa wameshakula na sufuria zinasuguliwa. Akasema, "Basi nipeni kazi ya kuosha, au hilo nalo nimechelewa?" Watu walicheka. Wewe hukucheka. Ulirudi nyumbani ukakata kitambaa kinyume, wewe ambaye hujawahi kukosea mkasi, na ukanikalipia mimi niliyekuwa nimekaa zangu kimya.

Mkutano uliofuata ukasimama. Mwenyekiti wakati ule alikuwa mwalimu mstaafu, Mungu ampe uzima. Ukasema, "Si kila shughuli watu hawali mpaka mgeni rasmi afike? Sawa. Kuanzia leo mgeni rasmi wa matembezi yetu ni atakayefika wa mwisho." Mwalimu akacheka mpaka akakohoa, akapiga meza, ikapita. Tangu hapo wa mwisho anapigiwa makofi, anakalishwa kwenye kiti chenye maua, anapakuliwa wa kwanza. Mpaka watu wakaanza kugombea kuwa wa mwisho! Mfamasia wetu mnene alijificha nyuma ya ukuta ili fundi viatu ampite. Ulimpulizia filimbi, ukampa kadi nyekundu mbele ya mkewe.

Sasa ngoja niseme la mwaka huu, na asiyetaka kusikia afunge gazeti.

Mwalimu alipozeeka klabu ikachagua mwenyekiti mpya, yule muuza vioo. Siku ya mazishi yako alishika kipaza sauti akasema, "Yote aliyoyaanzisha mama huyu tutayaendeleza." Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, mimi mjinga. Matembezi ya mwaka huu wakayapa jina lako. Jina walilichukua, wewe mwenyewe wakakuacha mlangoni. Akaalika mkimbiaji maarufu awe mgeni rasmi na msemaji wa siku. Akaletwa kwa gari mpaka meza kuu, uani chini ya ukumbi, watu bado wanatembea.

Anayepika ni jirani yetu, mpishi wa shule, unamjua. Jiko lake liko nyuma ya ukumbi, kutoka huko barabara haionekani. Mshereheshaji akapaza sauti, "Mabibi na mabwana, mgeni rasmi ameshafika!" Sasa jirani wa watu amelisikia neno hilo miaka mingi, na kwake lina maana moja tu. Akapiga kigelegele, akafunua sufuria zote. Sahani zikaanza kupita.

Mimi nilikuwa getini natazama njia. Fundi viatu simwoni. Nyuma yangu nasikia vijiko. Nikaenda jikoni.

"Jirani, umefunua kwa nini?"

"Si wamesema amefika?"

"Aliyefika ni wa gari."

Akashika kichwa kwa mikono yenye mafuta. Simlaumu. Wewe ndiye uliyemfundisha neno, na yeye alilishika vizuri kuliko wenye klabu yao. Ninayemlaumu ni aliyejua. Nikamfuata meza kuu.

"Mwenyekiti, fundi viatu hajafika."

"Shikamoo mzee wangu. Karibu chakula."

"Marahaba. Fundi viatu hajafika."

"Tumemwekea chake pembeni, usijali. Ratiba imebana, mgeni rasmi ana safari."

"Mgeni rasmi yuko barabarani."

Akanicheka, kwa heshima zake zote. "Ah, mzee. Yale yalikuwa matani ya Mama Kipenga. Tulimpenda kwa matani yake. Sasa tunaiinua klabu."

Matani! Mwenyekiti, najua unasoma hapa, maana jina la klabu likitoka gazetini huliachi. Sikiliza. Mke wangu alikuwa na matani mengi, mimi ndiye niliyeyala miaka yote, nayajua ladha. Lile halikuwa la utani. Unakusanya watu kwa ajili ya wasioweza kutembea, halafu unawalia chakula kwa sababu hawatembei haraka? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini wewe shibe yako imekuzidi, humjui hata uliyemwandalia. Huduma gani hiyo? Kibao cha klabu kimeandikwa huduma, nenda ukakifute kwa kitambaa chako cha vioo.

Hayo yote sikuyasema pale. Binti yetu mkubwa akanishika mkono, "Baba, presha yako." Nikataka kwenda nyumbani. Nakwambia kweli, nilikuwa nimeshageuka. Niliona kama umekufa tena, na safari hii watu wanaramba vidole.

Ndipo jirani akatokea jikoni amekumbatia mifuniko kama ngao. "Funika! Rudisheni sahani! Wewe, mkono huo!" Akaanzia meza kuu. Akaichukua sahani ya mwenyekiti kijiko kikiwa hewani.

"Mama, unatuaibisha mbele ya mgeni!"

"Aibu umeikalia, inuka uione."

Mfamasia akaleta yake mwenyewe, mashavu yamejaa. "Hiki kilichomo mdomoni nifanyeje?"

"Meza na utubu!"

Mkimbiaji wa watu hakuelewa kitu. Akaniuliza, "Mzee, nimekosea wapi?" Nikamweleza habari yako, kwa kifupi, na unajua kifupi changu. Akainuka. Akasema, "Mimi nimefika wa kwanza tangu utoto wangu, baba. Pale mbele hakuna mtu wa kuongea naye." Akaja kusimama na mimi getini. Dereva wake akapiga honi, akapiga tena, akachoka. Mmoja mmoja watu wakatufuata, wengine wanafuta midomo kwa kuiba. Mwenyekiti alibaki meza kuu peke yake, hana hata kijiko. Mwishowe naye akaja, akasimama nyuma kabisa. Sikumkaribisha, wala sikumfukuza.

Jua likatuchoma. Tukamwona fundi viatu kwenye kona, gongo, mguu, gongo, mguu, shati limemganda mgongoni. Alipotukaribia akasimama, akatutazama umati mzima tulivyojipanga.

"Mbona kimya hivyo? Nani amekufa?"

Mama watoto, swali gani hilo. Mwaka mzima nimewajibu watu, ndiyo, alitutoka, ndiyo, kazi ya Mungu. Hilo lilinishinda. Mwisho nikasema, "Kipenga."

Akainua macho kwenye ile picha yako. "Huyo? Huyo angeshaniuliza nimechelewa hivi kwa kupita kwa mganga gani." Watu wakacheka, wengine machozi yanawatoka. Akasema, "Kaeni basi. Mnaniogopesha."

Hasira yangu haijaisha, mwenyekiti. Mwakani nitakuwa jikoni na jirani, mfuniko mkononi, na mshereheshaji wako atakuja kuniuliza mimi kama mgeni rasmi amefika. Nikiwa nimeshakufa, watakuwepo hawa wengine.

Na ni hawa, mke wangu, wanaokukumbuka: mimi mumeo niliyebaki na faulo zangu. Binti zako wawili, mkubwa aliyenishika mkono na mdogo anayeshona sasa kwenye cherehani yako, naye uzi anaukata kwa meno. Mwanao dereva na mkewe, mkwe wetu, mwenzako wa utani. Wajukuu, wakiongozwa na huyu muuguzi ambaye mkono umemuuma kuandika. Dada zako, shemeji zako, na majirani. Maadamu mmoja wetu anapumua, hutasahauliwa.

Siku ile jirani alifunua sufuria upya, akapiga kigelegele chake upya. Wali ulikuwa umeshapoa. Fundi viatu akalaza magongo chini ya kiti chenye maua, akapakuliwa, akaonja, akasema chumvi imekolea. Ndipo sote tukakaa, tukala.