Maziwa ya Njiani

Shauri Moyo, 3 Machi

Mulembe Mama,

Nakusalimia kwa heshima, na mjukuu wako Nabiswa anakusalimia kwa kelele, maana saa hii amekamata mguu wangu anataka nimbebe. Baba Nabiswa anakohoa kidogo na vumbi la kiwandani, lakini sahani anamaliza. Magoti yako yanaendeleaje na hii mvua? Na sikio? Mwanao ameniambia nisikupigie, ati kwenye simu unasikia kama nzi ndani ya chupa, ndiyo nimeona niandike.

Mama, kuna jambo. Unajua natengeneza cherehani na mwenzangu Lydiah karibu na Gikomba. Sasa kikundi chetu cha akina mama kimeandikiwa na chuo kimoja cha Japani. Wanatafuta mwanamke anayefungua mashine kwa mkono wake, wamfundishe zile za umeme na kompyuta, miezi tisa, gharama ni yao. Nilijua siwezi kuchaguliwa, mimi niliishia Form Two. Wakanichagua. Lydiah alipiga nduru mpaka wateja wakafikiri tumeibiwa.

Tangu hapo sielewi kitu. Nimepigwa picha ya kifua. Nimetolewa damu ikapimwa magonjwa yote, nikapewa karatasi kwamba ni mzima. Nimeambiwa begi kubwa sitaliona tena mpaka Japani. Maji ni marufuku kuingia nayo kwenye ndege, lakini ndani wanakupa maji. Unaona hiyo? Tena nitapanda ndege mbili na katikati nisitoke nje, sasa ya pili nitaijuaje? Na huku tukipika chai ya jioni, kule wameshalala.

Hayo nitauliza njiani. Ambalo siwezi kumuuliza mtu ni Nabiswa. Bado ananyonya, Mama. Anataka titi kabla ya uji, baada ya uji na katikati ya uji. Nakuomba uje ukae naye. Ukisema hapana nitabaki, na sitaweka kinyongo.

Mkaza mwanao,
Mama Nabiswa


Chwele, 11 Machi

Kwako Mama Nabiswa,

Mulembe muno. Magoti ni ya mvua, mvua ikiisha nayo yataisha. Sikio liache lilivyo. Mwambie mwanangu anywe tangawizi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Mwanamke anaacha mtoto wa kunyonya akafundishwe cherehani, na hapa sokoni cherehani zimejaa zinaota kutu! Nikakasirika, nikashika jembe nikaenda kupalilia. Nilipofika mwisho wa mstari nikakumbuka kwamba hata mimi niliwahi kuitwa Kisumu nikasomee ualimu wa nasari, na huyo mume wako nikiwa naye mgongoni. Hakuna aliyekubali kubaki naye.

Basi nitakuja. Kuku nitamwachia jirani.

Lakini sikia. Mwachishe sasa, usingoje siku ya safari. Paka shubiri. Atalia siku mbili tatu, dunia haitaanguka. Na jambo lingine alinifundisha mama yangu: titi la mtoto aliye hai haliazimwi. Maziwa yakijaa ukiwa njiani, kamulia chini ya mti, usimpe mtoto wa mtu. Utakuwa umempa usingizi wa wako.

Niwekee blanketi zito. Hiyo Nairobi yenu ina baridi ya watu wasiojuana.

Mama yako wa Chwele


Ndani ya ndege, nafikiri bado ni 2 Juni

Mama,

Umeshindaje tangu tuachane pale kwenye kioo cha uwanja wa ndege? Mgongo haujachoka kumbeba? Mimi niko mzima, ila masikio yameziba, nasikia kama wewe.

Hii itakufikia nikipata mtandao. Naandika ili mikono iwe na kazi. Mkanda nilifunga vizuri, kuufungua ukanishinda, nikajifanya sitaki kuinuka. Mama wa pembeni akanifungulia bila kuniangalia usoni, Mungu ambariki. Choo chao kinavuta na mlio kama kinataka mtu mzima. Chakula kimekuja kwenye visahani vya mtoto, kila kitu kimefungwa karatasi. Nimekuwekea siagi kidogo kwenye begi, halafu nikakumbuka nakwenda mbali na wewe, siji kwako.

Shubiri ile, Mama, wewe ni shahidi. Aliilamba, akakunja uso, akaendelea. Nilisema atanyonya mara ya mwisho Ijumaa, ikawa Jumamosi, ikawa ndani ya teksi. Wewe ukatazama dirishani. Asante kwa kutazama dirishani.

Sasa kuna mtoto analia huko mbele. Si Nabiswa. Kichwa kinajua si Nabiswa. Kifua ndicho hakijaambiwa. Blauzi imelowa, nimejifunga leso, nayo imelowa. Msichana wa ndege ameniuliza kama nimemwagikiwa na juisi. Nikasema ndiyo.

Mwanao,
Mama Nabiswa


Shauri Moyo, 2 Juni, jioni

Mulembe. Natumai umepata mahali pa kukaa na umekula.

Amekataa uji. Maziwa ya ng'ombe amekataa kwa kikombe, amekataa kwa kijiko. Anakwenda mlangoni anagonga kwa kiganja, anangoja, anagonga tena. Baba yake ameficha simu nisikuandikie. Nimeichukua alipokwenda kuoga.

Sikuambii urudi. Sikuambii uende. Nakuambia vile ilivyo.

Mama


Doha, 2 Juni au 3, taa za hapa hazizimwi

Mama, mulembe, na uniambie kwanza kama anapumua sawasawa.

Barua yako imenikuta kwenye viti vya kungojea ndege ya pili. Nimeisoma nikasimama, nikaenda mpaka kwa msichana wa kaunta, nikamwambia kwa kile Kiingereza changu kwamba mtoto wangu anagonga mlango. Akageuka kutazama mlango. Nikamwambia nataka kurudi Nairobi, nikamwonyesha barua ya chuo. Akasema inawezekana, lakini lazima waongee na chuo, na nikirudi leo huenda nafasi apewe mwingine. Akanipa tishu. Akaniambia nikae nifikirie, bado kuna muda.

Nimekaa. Kufikiria ndiko kumekataa. Matiti yamekuwa mawe, Mama. Nimejaribu kukamua chooni, yanatoka matone tu. Mti nao hakuna. Kuna mmoja ndani ya chungu na ni wa plastiki.

Na yule mtoto aliyekuwa akilia kwenye ndege, kumbe yuko mbele yangu hapa na mama yake. Anaitwa Falis, anamfuata mumewe Norway. Ameniuliza, "Sista, wewe ni wa wapi?"

Nikasema Shauri Moyo.

"Wallahi? Mimi Islii, Section Three! Yaani majirani wanakuja kujuana huku!"

Tumecheka, mtoto akazidi kulia. Falis aliugua mwezi uliopita, maziwa yakakauka. Mkebe wa maziwa ya mtoto uko kwenye begi kubwa, nalo limetangulia. Amenunua mwingine hapa, mtoto anautema wote kwenye buibui. Ananiangalia kifuani huku anaona aibu.

"Umejaa," akasema.

"Nimejaa."

"Wako yuko wapi?"

Nikaonyesha kwa mkono. Hata sijui nilionyesha upande gani.

Ameniomba, Mama. Akaniuliza kama nimepimwa, nikatoa ile karatasi ya daktari, akaisoma polepole kama askari wa pasipoti. Kisha akasema, "Lakini ujue, kwetu mtoto akishashiba kwako, wewe ni mama yake. Huyu na wako wanakuwa ndugu. Hawawezi kuoana."

Nikamwambia, "Nabiswa hata kutembea hajakomaa, na wewe tayari unamnyima mume?"

Nikasema ngoja nimuulize mama mkwe wangu. Akajibu, "Muulize. Lakini huyu wangu hana mama mkwe, ana njaa."

Nakuuliza basi. Nikimpa huyu, nimemnyang'anya Nabiswa? Na nirudi, ama niende? Kama huwezi kujibu yote mawili, jibu moja.

Naangalia simu.

Mama Nabiswa


Doha, mlangoni

Mama, shikamoo tena. Hujajibu. Najua umesoma ama hujasoma, moja kati ya hayo.

Nimempa. Nilisubiri mpaka sauti ikamwishia akawa analia bila sauti, hapo nikashindwa. Amenyonya upande mmoja, akahamia wa pili mwenyewe, akashika kidole changu vile Nabiswa hushika, akalala. Kifua kikashuka. Kichwa nacho kikarudi mahali pake, nikasikia watu wanaitwa kwenye ndege yangu. Kumbe walikuwa wakiita muda mrefu.

Naenda, Mama. Sijui kama nimekosa mara moja au mara mbili. Nitakupigia goti nikirudi.

Mama Nabiswa


Shauri Moyo, 3 Juni, asubuhi

Mwanangu,

Umeamkaje, popote ulipoamkia? Sisi tumeamka.

Jana stima ilipotea mtaa mzima na simu ikazima na maneno yako ndani. Nimeyasoma sasa hivi, na sijui kama ninayemwandikia yuko hewani akienda ama akirudi. Kama unarudi, ugali utaukuta. Kama unaenda, enda. Hilo ni jibu la pili.

La kwanza nitakujibu, lakini usimsomee mtu.

Jana baada ya kukuandikia, mtoto aligonga mlango mpaka kiganja kikawa chekundu. Nikamtuma baba yake dukani kununua kiberiti, na kiberiti kilikuwepo. Nikafunga mlango. Nikampa langu. Mtu wa mwisho kulinyonya ni mume wako, limebaki kama soksi. Nabiswa akalitazama, akanitazama mimi, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Halafu akalishika. Halikuwa na kitu, Mama Nabiswa, hata tone. Akalala nalo mdomoni mpaka asubuhi, na mimi nikiwa nimekaa, magoti yakilia. Asubuhi akanywa uji kikombe kizima.

Sasa mimi niliyekufundisha haliazimwi, nimeazimisha la kwangu, tena kavu. Mimi ni nani nikukasirikie? Nilianza kukasirika, nikakosa mahali pa kuweka hasira.

Ukifika andika neno moja tu, "nimefika."

Mama


Nagoya, 7 Juni

Nimefika.

Mama, mulembe sana. Uniwie radhi kwa kuchelewa, niliandika siku ile ile nikasahau kutuma, nikadhani nimetuma. Habari za goti? Za kiganja cha mtoto? Mimi ni mzima, ila nalala wakati wa kula na njaa inanikamata wakati wa kulala. Huko angani jua lilichomoza nikipiga mswaki, nikasinzia kidogo, kuamka linazama. Nikamuuliza jirani kama nimelala siku nzima. Akanipa korosho.

Nilipofika mtu wa chuo alishika kibao chenye jina langu. Nikalisoma, nikamtafuta huyo mwenye jina, kisha nikakumbuka ni mimi. Huku wananiita Triza. Hakuna aliyeniita Mama Nabiswa kwa mdomo tangu nitoke Nairobi.

Barua yako ya kiberiti nimeisoma nikiwa chooni na nimecheka mpaka mwenzangu wa chumba akabisha hodi. Baada ya kucheka nikalia. Nimejaribu kupiga hesabu ya saa zetu na za Doha nikachanganyikiwa, lakini naona kama Nabiswa na yule mtoto walilala wakati mmoja. Sijui. Pengine nataka tu iwe hivyo. Kama ni kweli, basi hakuna usingizi niliouiba.

Leo kifua kimenyamaza. Kimekuwa laini, kama cha msichana. Nilikaa kitandani nikikibonyeza, nikitaka hata tone moja la ushahidi. Halafu kengele ikalia, tukaingia darasani, mwalimu akafungua mashine. Inaongea na kompyuta, ina taa, ina kioo. Lakini chini kabisa, Mama, kuna bobini ya uzi, ile ile ya Gikomba. Niliiona nikainua mkono kabla hajauliza kitu.

Mwanao,
Triza, Mama Nabiswa


Shauri Moyo, 15 Juni

Mwanangu Mama Nabiswa,

Tuko salama, goti linatembea. Mume wako amepata shifti ya mchana na kikohozi kimepungua.

Habari ni hii. Jana usiku nilimpa kama kawaida, akaning'ata. Ana jino jipya. Nikapiga kelele, baba yake akaja mbio na ufagio akidhani ni mwizi. Mtoto akatucheka sisi wawili, akateremka mapajani, akaenda akashika kikombe. Leo hakuomba. Nimejifunua makusudi nione, akapita na gari lake la mkebe. Nikajifunika. Usicheke. Hata wewe ulibonyeza.

Sasa nataka kitu kwako. Kila jioni tunaomba, na huwa nataja watu kwa majina. Yule mtoto wa Falis hujaniambia anaitwa nani.

Mama


Nagoya, 16 Juni

Mama, mulembe. Magoti? Jino?

Sikuuliza. Nimekaa kutwa nikijaribu kukumbuka. Falis alikuwa akimwita "hooyo", nikadhani ni jina, kumbe mwenzangu mmoja Msomali hapa chuoni anasema ni neno la kumbembeleza. Nambari ya simu hatukupeana, ndege ilikuwa ikiniita. Hata kama ni mvulana au msichana, Mama, amini usiamini, sina hakika. Tuliongea habari za kuoana tukacheka, nikachukulia ni mvulana, lakini nguo ilikuwa ya manjano.

Nimemnyonyesha mtoto wa mtu na sijui jina lake. Ni mama wa aina gani huyo?

Triza


Shauri Moyo, 17 Juni

Usijisumbue, mwanangu. Kula, usome, uvae sweta.

Jana jioni nilikutaja wewe, nikataja baba yake, nikataja Nabiswa, kisha nikasema, "na yule wa njiani." Nabiswa akaitikia Amina hapo hapo, hata sijamaliza, akavuta blanketi langu zito akalala.

Jina Mungu analijua. Sisi tutaendelea hivyo mpaka urudi.

Nyanya yao