Mpaka Miguu Yote Iguse Sakafu

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa mahali penye hewa, goti lako limetulia, na shemeji amepata miwani yake bila kukusumbua. Wanangu hawajambo? Na mama, bado anakataa fimbo? Mwambie namsalimu sana, na kwamba hata mimi siku hizi napanda ngazi nikishika ukuta. Sisi huku ni wazima.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenishauri niwape kampuni ile nyumba yetu ya wageni, nije nikae kwako nipumzike. Najua umesema kwa mapenzi. Leo nakujibu, na jibu lenyewe ni refu kidogo, kwa hiyo mimina chai kwanza.

Ulipotutembelea, mtaa huu ulikuwa na gesti nne na fundi wa matairi. Sasa gesti imebaki yangu tu. Kampuni ya mahoteli imejenga ghorofa saba ng'ambo ya barabara, na hoteli yao nyingine iko karibu na kituo cha mabasi. Mlango wa kule unafunguliwa kwa kadi, na taulo zinakunjwa zikawa bata. Bi Mashuka, yule anayetandika vitanda hapa tangu tufungue, alikwenda kuchungulia. Alirudi akasema bata ni wazuri, ila mtu akitoka kuoga hajui aanze kujifuta kwa mdomo au kwa mkia. Sisi tuna vyumba tisa, milango ya mbao, na funguo zenye vibao alivyochonga marehemu shemeji yako kwa kisu cha jikoni.

Wageni wetu, kama unavyojua, ni madereva wa mabasi ya safari ndefu. Walikuja kwa ajili ya vitanda safi, lakini zaidi walikuja kwa ajili ya ugongaji wa shemeji yako. Dereva akiomba kuamshwa saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na moja shemeji yako yuko mlangoni. Alikuwa hagongi na kwenda zake. Aligonga, akauliza, "Miguu iko chini?" kisha akasimama palepale mpaka aambiwe kwamba yote miwili imegusa sakafu. Aliyejibu huku bado amejilaza alimjua kwa sauti tu, akamwambia hiyo ni sauti ya mto wa kulalia, akagonga upya. Wale watani walizoea kumjibu, "Mmoja tayari," ili waibe dakika moja zaidi. Naye aliusubiri wa pili, akipiga mluzi. Kwa miaka kumi na tisa hakuna abiria aliyekaa kituoni kwa sababu dereva wake amelala kwetu. Sijui kama kuna hoteli yenye lifti inayoweza kusema hivyo.

Alipofariki, wageni walipungua. Nilikuandikia kwamba ghorofa imetumaliza. Kuna wiki tulizojaza vyumba viwili tu, Bi Mashuka akawa anafua mapazia yasiyo machafu ili asikae bure. Ndipo akaja bwana wa kampuni, amevaa viatu vyembamba, mpole kweli. Alisema wataichukua nyumba, watabadilisha milango, wataweka bango lao, na mimi nitakaa mapokezi nikiwa na sare. Alitaka jibu Ijumaa. Karatasi yake ya makubaliano niliiweka chini ya kopo la sukari, na nakuambia ukweli dada, kalamu nilikuwa nimeshaiweka kando yake.

Jumatano jioni akaingia dereva tuliyemzoea kwa jina la Kanyaga Taratibu, ambaye kwa miezi mingi alikuwa analala ng'ambo. Nilidhani amekuja kusalimia tu. Akaketi kwenye benchi, akavua kofia, akaniambia kwamba kule anaamshwa na simu. Sauti ya binti inamtakia asubuhi njema, naye anaishukuru vizuri, halafu analala tena. Mara mbili amekuta abiria wamekalia mizigo yao, na mwenye basi amemwambia mara ya tatu atafute kazi nyingine. Nje walikuwa wenzake wanane wenye shida hiyohiyo. Nikamuuliza, kwa ubishi kidogo, mbona walinihama. Akaangalia kofia yake.

"Mama, tulikuhama hapa mlipoacha kugonga. Ile saa ya mezani uliyonipa niliizima, nikailalia."

Niligawa funguo nane, akabaki yeye. Kuhusu chumba namba tano nikamwambia kama ninavyowaambia wote: mgeni aliondoka na ufunguo, na fundi ameshindwa na kitasa. Akasema haidhuru, atalala kwenye benchi, amewahi kulala pabaya zaidi na injini ikiwa chini yake.

Dada, ufunguo wa namba tano haukupotea. Uko kwenye mkoba wangu tangu msiba, na hata wewe nilikudanganya. Nilikuambia pia kwamba shemeji yako alifariki usingizini. Sivyo. Wiki ile alikuwa analala namba tano kwa sababu ya kikohozi, hakutaka kuninyima usingizi. Asubuhi ile nilikwenda kumgongea kwa utani, nikamuuliza kama miguu iko chini. Akajibu, "Mmoja tayari." Nikacheka. Maziwa yalikuwa jikoni, nikaenda kuyaepua. Sikuusubiri wa pili. Niliporudi na chai nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameegemea ukuta, ndara moja mguuni na nyingine bado uvunguni. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, hakuna ambacho ningefanya. Nimemwamini. Lakini tangu siku ile sikuweza kusimama mbele ya mlango wowote na kuuliza, nikanunua saa za mezani na kuisingizia ghorofa.

Jumatano ile nilifungua mkoba. Bi Mashuka aliuona ule ufunguo, akaenda kuchukua shuka. Ndara ile tuliitoa pamoja.

Alfajiri nilipita milango minane. Nikafika namba tano, nikagonga, nikauliza. Kisha ikaja sauti, "Mmoja tayari, mama."

Huko jikoni maji yalikuwa yanachemka hadi kifuniko kinaruka. Niliyaacha. Nilishika fremu ya mlango nikasimama, sijui kwa muda gani. Halafu nikasikia kisigino kikigusa sakafu.

"Na wa pili huu hapa. Leo umenibana."

Mabasi tisa yaliondoka kwa wakati. Ijumaa nilimrudishia yule bwana karatasi yake bila sahihi. Akaniuliza, bila ubaya, nina nini ambacho wao hawana. Nikamwambia achukue chumba, anitajie saa ya kuamka.

Basi dada, sitakuja kukaa, lakini wewe njoo unitembelee, mlete na mama. Namba tano ni yenu, inapata jua mapema. Nisalimie shemeji na wanangu wote, mmoja mmoja. Mtakapofika mniambie mnataka kuamka saa ngapi. Nitagonga, na sitaondoka mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye gesti ya vyumba tisa, vyote wazi