Kwa Nini Kipkemoi Hakununua Pikipiki

Nyumbani, Londiani,
Kaunti ya Kericho.
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa kaka yangu Kipngeno,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba joto la Doha linakuachia angalau usingizi. Kile kikohozi chako kiliisha? Unakula vizuri? Mama ameniagiza nikuulize hilo la chakula mara mbili, kwa hiyo jihesabu umeulizwa tena. Sisi huku ni baridi tu. Ukungu unashuka kutoka msituni hata kabla ng'ombe hawajarudi. Goti la Mama linamsumbua, lakini bado anakamua mwenyewe na hataki kuambiwa apumzike.

Viazi vya msimu huu vimeoza shambani. Tulinyunyiza dawa, mvua ikaiosha, tukanyunyiza tena. Hilo ni la kila mtu hapa Londiani, silo lililonifanya nishike kalamu.

Nimeandika kwa sababu simu haifai. Nyumba yetu unaijua, kuta za mbao, na Kipkemoi akiwa chumba cha pili anasikia kila neno. Esnah, yule msichana wa Chepseon anayefanya kazi hoteli moja na wewe, amemaliza likizo yake na atakupa hii mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Kila ukipiga simu unauliza ile pikipiki imefika wapi. Mwezi jana ulimkaripia, ukamwambia fundi mzima mwenye wateja hapaswi kutamani pikipiki za mashindano kama watoto wa matajiri. Alikubali tu, akampa Mama simu. Hakukwambia sababu ya haraka yake, na alinikataza nisiseme. Sasa nimechoka kunyamaza.

Kaka, ndugu yetu anapofuka.

Ilianza na usiku. Alikuwa anajigonga kwenye mlango wa zizi, tukadhani ni uchovu. Baadaye akawa anatafuta spana ambayo iko kando ya goti lake. Mwezi wa pili nilimpeleka Nakuru kwa daktari wa macho. Alimpima asubuhi yote, kisha akatuambia ni ugonjwa wa kurithi, macho yanakufa kuanzia pembeni, halafu giza linasogea katikati. Kwa sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba la maji. Dawa hakuna. Daktari alisema ndugu wote tupimwe. Mimi nimepimwa, niko sawa. Tafadhali na wewe nenda ukapimwe, usingoje.

Siku hiyo Kipkemoi aliuliza jambo moja tu, kama bado anaweza kuendesha. Daktari akamjibu kwamba mchana peupe labda, kwa muda mfupi, ila asiiache siku ya kuacha ikapita. Tulipotoka nje akaniambia, "Rodah, nimetengeneza pikipiki za watu tangu nitoke shule. Nataka moja kubwa, yangu, niipeleke kwa lami mpaka Kericho na kurudi. Mara moja. Halafu uiuze." Sikuwa na kitu kingine cha kumpa, nikakubali kuandamana naye kuitafuta.

Pesa ulizotuma pamoja na akiba yake zilitosha tu kununua zile pikipiki ambazo watu wengine wamekwisha kuzichosha. Ya kwanza tuliikuta Nakuru, ya buluu, inameta kama imetoka kwenye boksi. Kipkemoi hakuangalia rangi. Aliweka kiganja kwenye injini akakuta ina joto, akamuuliza broka kwa upole kwa nini ameiwasha kabla hatujafika. Tukaenda kunywa chai mpaka ipoe. Tuliporudi iliwaka kwa shida, ikatoa moshi mweupe, na chini ya yale maganda ya plastiki akapapasa fremu akakuta imechomelewa. Broka akasema ni mkwaruzo mdogo. Tukamuaga.

Ya pili ilikuwa mbali, huko Chebunyo, kwa jamaa aliyeirudisha kutoka Nairobi akaificha ndani ya banda la mbuzi. Hiyo ilikuwa ya bei rahisi mno. Magurudumu yalikuwa yamepasuka kwa kukaa, na shokabu za mbele zilikuwa zinavuja mafuta, lakini Kipkemoi alisema hayo yanatengenezeka. Kisha akapitisha kidole shingoni mwa fremu, mahali namba ya chesisi inapogongwa. Akapitisha tena. "Hapa pamesuguliwa kwa tupa," akaniambia kwa Kipsigis. "Hii ni ya kuibwa." Mimi niliinama nikatazama, na alama za tupa zilikuwa wazi kabisa, mtu yeyote angeziona. Nikatambua kwamba alikuwa ameacha kutumia macho. Ule ustadi wa vidole tuliokuwa tunausifu haukuwa ustadi, kaka.

Ya tatu ilikuwa ya Clifford Nyamweya, mtu wa Kisii anayefanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai nje kidogo ya Kericho. Alikuwa anaiuza kwa sababu ya mgongo. Ilikuwa nyekundu, injini kubwa ya mia nne, na logibuku, kile kitabu cha umiliki, ilikuwa na jina lake. Injini tuliikuta baridi kama jiwe la mtoni. Ilipowaka, Kipkemoi aliinamisha kichwa akasikiliza, na nikaona uso wake umefunguka namna ambayo sijaiona tangu ule mwezi wa pili. Alipapasa cheni, akabonyeza breki, akazungusha usukani huku na huku. Akasema hii imetunzwa na mtu anayeipenda. Nyamweya akafurahi sana, akamwambia aijaribu kwenye ile njia ya murramu inayopita katikati ya chai mpaka getini.

Ilikuwa saa tano, jua limetoka, njia imenyooka. Kaka, laiti ungemwona. Aliondoka taratibu, akabadilisha gia bila kishindo, mgongo wake umelala juu ya tangi kana kwamba walizaliwa pamoja. Nyamweya aliniambia kwamba huyu anajua. Getini aligeuza vizuri, akaanza kurudi, sasa kwa kasi.

Phelis, mke wa Nyamweya, alitokea upande wa kushoto kutoka kwenye michai, ana mtungi wa maji kichwani. Aliisikia pikipiki, akasimama ukingoni akingoja ipunguze mwendo, maana kila mtu anajua mwendeshaji humwona mtu aliyesimama kando ya njia. Kipkemoi hakupunguza. Hakugeuza hata shingo. Phelis alijirusha ndani ya michai, mtungi ukapasukia njiani, na gurudumu likapita palepale alipokuwa amesimama.

Akaja akasimama mbele yetu, anatabasamu. Akazima injini. "Imekaa vizuri sana," akasema. "Sina hata la kusema." Akangoja. Halafu akauliza, "Mbona mmenyamaza?"

Hakuwa amejua. Amempita mtu kwa upana wa kiganja na hakujua kama kulikuwa na mtu.

Mimi ndiye niliyemwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akashuka, akaisimamisha pikipiki vizuri kwa stendi yake. Kisha akaanza kumtafuta Phelis, anageuza kichwa kidogo kidogo kama anayetafuta kituo cha redio, mpaka alipompata. Phelis alikuwa na matope mpaka magotini. Kipkemoi akamwomba msamaha kwa jina la Mungu. Phelis alitaka kumjibu kwa hasira, nilimwona, halafu akamtazama machoni akaacha. Akasema tu, "Pole, ndugu."

Nyamweya ni mtu mwema. Alipoelewa, alisema ampakie nyuma, yeye mwenyewe aendeshe kwa lami mpaka Londiani, bure, hata kama mgongo utamuuma wiki nzima. Kipkemoi alimshukuru, akamrudishia funguo. "Kubebwa nitabebwa miaka yote iliyobaki," akasema. "Sitaanza leo."

Tangu siku hiyo hajafungua gereji. Vyombo vyake amempa yule jirani yetu Opiyo, vyote, hata ile seti ya spana uliyomtumia. Pesa ziko kwangu salama, na anataka zitibu goti la Mama. Analala mchana. Mchungaji alikuja kumwombea na Kipkemoi akasema amina kwa heshima, lakini wageni walipotoka aliniambia nisiwaalike tena. Mama anajilaumu kwa ajili ya jina. Anasema alimwita Kipkemoi kwa sababu alizaliwa usiku, na sasa usiku umekuja kuchukua chake. Nimemwambia hilo ni upuuzi. Anaitikia, kisha anarudia kulisema jikoni akidhani yuko peke yake.

Sikuandikii ili ututafutie daktari mwingine. Nimeuliza kila mahali, hata hospitali kubwa ya Nairobi, na jibu ni lilelile. Nakuomba tu usimuulize tena habari za pikipiki.

Pia kuna neno alilosema jana wakati namwaga maji ya kuoga, kwa sauti ya kawaida, bila kulia. Alisema anaukumbuka uso wako ulivyokuwa siku ulipoondoka, wa kijana bila ndevu, na angependa auone ulivyo sasa ndio abaki nao. Nilimwambia utatuma picha. Akasema picha kwenye simu haionekani tena. Najua mkataba wako unaisha mwaka kesho mwishoni, na najua pasipoti anayo mwajiri. Nimekuandikia tu ujue kwamba daktari hakutupa mwaka kesho.

Msalimie Esnah. Mama anakusalimu, Caren wa shangazi anakusalimu, na Opiyo pia. Kipkemoi hajui kwamba nimeandika, kwa hiyo salamu zake sina. Mungu akutangulie kazini na akulinde macho yako.

Ni mimi dada yako, ninayekuwaza kila kukicha,
Rodah