Bahasha Moja ya Mafundi Saba

Jumatatu, 20 Aprili
Mashati manane kabla ya saa sita, halafu umeme ukakatika. Nikaona bora nikusanye fomu za kodi. Desturi ya barabara yetu hapa Kamalondo: mafundi saba, bahasha moja. Mpelekaji ni mimi, kwa kuwa Kifaransa hakinipigi chenga. Ninazo tano pamoja na yangu. Mwisho wa kupokea ni tarehe 30. Akichelewa mmoja, tumechelewa wote.

Jumatano, 22 Aprili
Mkurugenzi wa shule moja ya Bel-Air amepiga simu. Sare za shule nzima ni zangu, mradi nimwonyeshe hati ya ofisi ya kodi kwamba nimepeleka fomu kwa wakati. Mwaka jana kazi hiyohiyo iliniponyoka. Tulifika siku nne baada ya mwisho. Faini juu, na wasichana wangu wawili nikawaachisha kazi. Sitaki tena. Sitaki kabisa.

Ijumaa, 24 Aprili
Zimefika sita. Bado ya Papa Kalonji. Ndiye aliyetuchelewesha mwaka jana. Ndiye pia aliyenifundisha kukata suruali wakati sijui hata kushika mkasi. Nimekwenda kwake. Hakuinua macho.

"Mama, miye sina na kintu ya kudeclarer. Unataka niandike nini?"

Nimemweleza: hata asiyepata kitu hupeleka fomu. Ukinyamaza, wanakukadiria wao wenyewe, na hapo utalia. Akaongeza sauti ya redio. Nikaondoka.

Jumatatu, 27 Aprili
Nimezipanga fomu kwenye meza ya fundi mwenzetu Mama Béatrice, kama kila mwaka. Kila mtu anachungulia ya mwenzake. Huyu kapata, yule mwaka mzima kalala. Vicheko. Papa Kalonji amepita upande wa pili wa barabara bila salamu. Nimekasirika. Sisi tunamngoja, yeye anatupita kama asiyetujua.

Jumanne, 28 Aprili
Wenzangu wanasema tungoje kidogo, ni mkubwa wetu. Nimekubali. Najiona mjinga.

Jumatano, 29 Aprili
Nimekwenda ofisi ya kodi na sita. Basi. Kila mtu na mzigo wake.

Saa moja asubuhi kwenye foleni, mbele yangu kabisa, koti la kanisani, shingo ninayoijua. Papa Kalonji. Fomu ameikunja mara nne, ameifumbata kiganjani. Karani alipoikunjua nikaona. Kila mstari ameandika "néant". Hakuna. Hakuna. Hakuna. Mwaka mzima hakushona hata kaptula. Watu wananunua mitumba, na macho yake yamechoka. Mtu aliyetufundisha karibu sote.

Ndipo nikaikumbuka ile meza na vile vicheko. Mwaka jana pia itakuwa ni hivyo. Nimeona aibu, na aibu ni yangu, si yake.

Aligeuka na nakala yake yenye muhuri.

"Usibaambie benzetu, Mama."

"Sitabaambia, Papa."

Nimepeleka zangu sita. Mihuri sita. Tumerudi kwa miguu. Ameniuliza bei ya vifungo siku hizi.

Alhamisi, 7 Mei
Hati imetoka jana. Leo mkurugenzi ametia sahihi. Msichana mmoja amerudi kazini, wa pili anakuja Jumatatu.

Nimewaambia mafundi: kuanzia mwakani kila mtu afunge fomu yake kwa gundi kabla ya kuniletea, na tarehe 25 naondoka na zilizopo. Wamenung'unika kidogo juu ya tarehe. Juu ya gundi hakuna aliyeuliza.

Mchana nimempelekea Papa Kalonji kitambaa cha kola zote za sare. Nimemwambia mikono yangu haitoshi, na ni kweli. Ameulaumu uzi wangu. Ameulaumu mkasi wangu. Saa tisa nimeisikia mashine yake kutoka kwangu, na mpaka nafunga duka ilikuwa haijanyamaza.